Usifute Mstari wa Jirani

Mliponiita kwenye sherehe yenu ya kumaliza masomo, vijana wangu, mlinikalisha kiti cha mbele, mkanipa soda ya baridi, kisha mmoja wenu mwenye miwani akasimama kuniuliza: "Mama Aline, ile mashine yenu ya zamani, ile ambayo watu wa ng'ambo bado wanaitaja kwenye maandishi yao, ilikuwa na nguvu kiasi gani?" Nilimpa jibu fupi, kwa sababu kipaza sauti kilikuwa kinalia na wali ulikuwa unapoa. Jibu refu ni hili. Nimelichelewesha miaka mingi, maana sehemu yake moja ni aibu yangu mwenyewe.

Nguvu ya mashine yetu ingeshindwa na simu mnazobeba mifukoni. Na kusema kweli haikuwa mashine moja. Zilikuwa kompyuta kumi na mbili zilizotupwa na maofisi ya Himbi, mtaa wangu hapa Goma, kila ofisi ilipofunga au ilipobadili wakubwa. Tulizipakia kwenye chukudu, zile baiskeli zetu za mbao za kubebea mizigo, tukazisukuma hadi taasisi nilikofundisha, kwenye chumba chenye dirisha moja linaloangalia ukuta. Mbili hazikuwa na mfuniko. Moja ilikataa kuwaka mpaka uipige kofi ubavuni, na ilibidi ujue ubavu gani. Kazi yangu ya utafiti, niliyoifanya mpaka nikastaafu, ilikuwa kuzifanya mashine dhaifu zifanye hesabu moja kwa pamoja, kila moja ikibeba kipande chake. Ninyi mnaiita kwa majina makubwa. Muzee Anselme aliiita salongo, kama ile kazi ya Jumamosi ambapo kila nyumba hutoa mtu mmoja na jembe lake.

Huyu Muzee Anselme lazima mumjue, kwa sababu vitabu vyenu hulitaja jina langu na kuliacha lake. Alitoka upande wa Bukavu, Mkatoliki wa kusali rozari huku anachoma waya. Diploma hakuwa nayo. Alianza na redio, akaenda kwenye jenereta, kisha taasisi ikamwajiri alinde nyaya zetu. Siku ya kwanza alinitazama nikifungua kompyuta kwa bisibisi isiyo yake, akaninyang'anya taratibu.

"Mama Aline," akasema, "weye unajua mawazo ya machine. Miye najua tumbo yake. Tusipiganie fasi."

Tumbo la mashine alinifundisha yeye. Kompyuta ikikataa kuwaka na kulia tii tii tii, usikimbilie kununua kitu. Chomoa kadi yake ya kumbukumbu, sugua meno yake kwa raba ya mwanafunzi, ile ya kufutia penseli, uirudishe. Mara saba kati ya kumi inaamka. Vumbi la mlima wetu si vumbi la kawaida, ni mawe yaliyosagika, linakula feni. Lipulize kwa pampu ya baiskeli, wala usipulize kwa mdomo, kwa sababu mate yako yana maji na maji na umeme hayajawahi kupatana. Haya hayamo kwenye mitihani yenu, lakini siku moja mtanikumbuka.

Pia alinifundisha jambo ambalo baadaye nililiandika kwa Kifaransa kirefu nikasifiwa. Mwanzoni nyaya zote kumi na mbili zilikuwa zinaingia kwenye kisanduku kimoja katikati. Kila mashine iliyotaka kumuuliza mwenzake namba, ilipitia hapo. Nilikaa wiki nzima nikishangaa kwa nini kumi na mbili zilikuwa zinahesabu polepole kuliko nne. Muzee alikuja, akatazama taa zinavyopepesa, akacheka.

"Hapa kuko robine moja na bidon kumi na mbili," akasema, kama bomba moja la maji lenye foleni ya madumu. "Juu ya nini huyu apite kwa chef, kama anataka tu kumuuliza jirani yake?"

Tukang'oa zile nyaya. Tukaunganisha kila mashine na jirani yake wa kushoto na jirani yake wa kulia, moja kwa moja, kwa kadi za ziada tulizozitoa kwenye mizoga ya kompyuta nyingine. Kile kisanduku tukakiacha kwa kazi ndogo ndogo. Siku hiyo chumba kilichangamka. Nilimkumbatia Muzee, naye akashtuka, akanishika mkono kama tuko kanisani.

Sasa niingie kwenye lenyewe.

Mlima ulipotapika ile mara ya kwanza niliyoishuhudia kwa macho yangu, lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani. Nyinyi wengine mlikuwa mgongoni, wengine hamjazaliwa. Mdogo wangu Immaculée, mjane mwenye watoto watatu, anayeuza samaki pale Kituku, soko la ziwani, alikuwa amepanga nyumba ambayo leo iko chini ya mwamba kimo cha mtu. Alitoka na watoto na sufuria mbili. Walikuja kukaa kwangu Himbi, tukabanana, na kila asubuhi alikuwa akitazama ule moshi juu ya mlima kwanza ndipo anafunga kitenge.

Ndipo nikajiuliza: ikija tena, itapita wapi? Nilichukua mashine zetu kumi na mbili nikaamua zihesabu njia za lava, kutoka mlimani hadi ziwani, mtaa kwa mtaa. Ilikuwa kazi iliyozistahili. Ardhi nikaikata kanda kumi na mbili zinazoshuka sambamba, kila mashine ukanda wake. Na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo mtu wa mji mwingine asingelifanya. Ramani nzuri hatukuwa nayo. Tulikuwa na michoro ya machefu, yaani wakuu wa mitaa, iliyochorwa kwa mkono, na kila chef anachora mpaka wa watu wake kwa barabara. Basi nami nikakata kanda zangu kwa barabara. Kisha nikasema moyoni: lava inashuka, haitembei kando, kwa hiyo hakuna haja ya mashine hii kumpasha jirani habari za lava yake. Nyaya za ujirani tulikuwa nazo tayari, tumezivuta kwa jasho, nami nikaziacha zikae kimya ili hesabu iende haraka zaidi.

Na ilienda haraka! Nilitoa ramani yenye rangi, nyekundu hapa, nyeupe pale. Mkuu wa taasisi akaibandika ukutani. Nikaandika makala, tukaituma nje. Katika ramani ile, ukanda wa sita, unaopita mtaa wa Katoyi, ulikuwa mweupe kuanzia juu mpaka chini.

Immaculée alikuwa ameonyeshwa kiwanja hukohuko Katoyi. Akanijia na barua ya chef mkononi, akaniita yaya kama kawaida yake, yaani dada mkubwa.

"Yaya, niambie neno moja tu. Nijenge ao nisijenge?"

"Jenga," nikamwambia. Nilikuwa nimevimba kichwa. Hata sikuketi kwanza.

Mnajua anavyojenga mwanamke wa huku asiye na mume. Alivunja mawe ya lava mwenyewe kwa nyundo, akasawazisha msingi, akabeba mbao kichwani safari kwa safari baada ya soko la samaki. Watoto walikuwa wanashika misumari. Nyumba ikaanza kusimama, mbao mpya zinang'aa juu ya mwamba mweusi, na kila Jumapili alinipeleka kuitazama.

Muzee Anselme alikuwa amesimama mbele ya ile ramani ukutani, mikono nyuma, kwa muda mrefu.

"Mama Aline, hii lava yako iko na adabu mingi. Inafika ku barabara, inasimama. Nani aliiambia isimame?"

"Ni mteremko, Muzee."

"Mteremko? Ile siku weye ulikuwa wapi? Miye niliiona inajaa nyuma ya ukuta ya magasin, ile duka kubwa, ikapanda, kisha ikaingia kwa jirani. Haikuomba karatasi ya kupita."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kila mtu abaki kwenye kazi yake. Yeye akaenda kuchoma waya wake. Lakini siku iliyofuata nilifungua hesabu zangu nikachungulia. Lava ya ukanda wa tano ilikuwa inarundikana kwenye mpaka wa barabara, inapanda juu, juu zaidi, juu ya paa la nyumba yoyote iliyoko Goma, na haimwagiki ng'ambo, kwa sababu mashine ya tano haikuwa na ruhusa ya kumwambia ya sita. Nami nilikuwa nimeiona lava ya kweli kwa macho yangu ikizunguka kuta! Nilijua.

Kabla sijarekebisha, waasi walikuwa wameshakaribia mji. Umeme ukakatika, na mafuta ya jenereta hayakupatikana kwa yeyote ambaye hakuwa na bunduki.

Kesho yake nilikwenda Katoyi nimwambie Immaculée. Nilikwenda kweli, kwa miguu, nikiyapanga maneno njiani. Nikamkuta juu ya ngazi anapigilia mabati. Akaniona, akafurahi, akapiga kelele: "Yaya, umefika saa muzuri! Shika ngazi!" Nikashika ngazi. Alipiga misumari mpaka bati la mwisho, anaimba, na mimi chini nimeshika ngazi, nimenyamaza. Nilijidanganya kwamba sina hakika bado, kwamba mtaalamu hasemi mpaka ahesabu upya. Nikarudi nyumbani nikiwa na lile neno tumboni.

Vijana, makosa ya hesabu nimefanya mengi na ninayacheka. Lile la kushika ngazi silicheki.

Nilimweleza Muzee kila kitu. Sikuwa na mwingine. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Muficha uchi hazai, mama," akasema.

"Nitamwambia nikishahesabu. Lakini courant hakuna, Muzee. Machine zimelala."

"Courant hakuna, lakini batu beko. Kwani zile machine zinafanyaka nini? Zinajumlisha, zinatoa, zinauliza jirani. Batu kumi na mbili hawawezi?"

Nilidhani anatania. Kesho yake asubuhi alikuwa ameshaomba ukumbi wa parokia, amepanga meza kumi na mbili kwa mstari mmoja, na kwenye kila meza ameweka kaye, yaani daftari la karo, lile lenye vimraba, na penseli. Watu waliokuwa wamejifungia majumbani kwa hofu, wasio na kazi ya kwenda, walikuja. Walimu wawili wa shule ya msingi, wanafunzi wangu, mshonaji wa sare, na Immaculée, kwa sababu soko la Kituku lilikuwa limefungwa na kila mtu pale alijua hakuna anayemshinda kujumlisha kichwani. Mimi nilitaka nimweke mwisho kabisa wa mstari, mbali. Muzee akamshika bega akamwambia, "Mama, kaa hapa," akamkalisha meza ya sita. Yeye mwenyewe akakaa ya tano. Mimi ikanibakia ya saba. Nilimtazama Muzee kwa macho makali, akainamia daftari lake.

Kanuni ilikuwa rahisi. Kila mtu alikuwa na ukanda wake, karo ishirini kutoka mlimani hadi ziwani. Katika kila karo namba mbili: ardhi iko juu kiasi gani, na lava iliyomo ni kiasi gani. Nikipiga kengele, unawasomea majirani zako mstari wako wa lava, nao wanakusomea wao, kila mmoja anaandika. Kisha unatazama: karo yako ikiwa juu kuliko ya jirani, unamgawia, ikiwa chini, unapokea. Mkimaliza wote, kengele tena. Mitaa sikuitaja. Nilisema ni kanda tu, moja hadi kumi na mbili, ili watu wasichanganye hesabu na hofu. Hiyo ndiyo sababu niliyowapa.

Halafu Muzee akasimama akaongeza kanuni yake moja, ambayo mimi nisingeiwaza hata ningesoma miaka mingine ishirini.

"Mustari ya jirani mukisha itumia, musiifute. Wacha ikae mu kaye yenu mpaka mwisho. Mu hii muji mutu anaweza kukimbia saa yote. Akikimbia, kazi yake isikimbie na yeye."

Siku ya kwanza nilijifunza mengi kuliko katika masomo yangu yote. Mstari mzima ulikuwa unamngoja mwalimu mmoja wa meza ya nane, mwenye mwandiko mzuri wa kupendeza na mwendo wa kinyonga. Namba moja anaiandika kama anaandika cheti cha ubatizo. Nilikuwa nimesomesha kwa miaka kwamba mashine ya polepole inazichelewesha nyingine zote, na kwamba dawa ni kukata vipande upya kabla ya kuanza. Immaculée hakusoma hayo. Alimaliza ukanda wake, akanyoosha mkono kupita mbele yangu, akavuta daftari la yule mwalimu, akahesabu karo zake kumi za chini, akamrudishia.

"Papa Mwalimu, weye andika bizuri ile ya juu," akamwambia. "Hii ya chini nimekusaidia."

Watu wakacheka, hata mwalimu akacheka, na kuanzia hapo kila aliyemaliza alikuwa anamgeukia jirani kumtwaa mzigo kidogo. Hakuna aliyeamriwa. Kidole kimoja hakivunji chawa, ndivyo tunavyosema, lakini hatusemi kwamba vidole vingine huja bila kuitwa. Nilichukua karatasi pembeni nikaandika haraka nilichokiona. Karatasi ile ndiyo iliyokuja kuwa makala mnayoisoma.

Siku ya pili mchana, risasi zikaanza upande wa uwanja wa ndege, zikasogea. Tulilala chini ya meza zetu. Kulipotulia kidogo kila mtu akakimbilia kwake. Muzee Anselme alikimbia na daftari lake kwapani hadi Kituku, akapata boti la mwisho la kwenda upande wa Bukavu alikokuwa mke wake. Baadaye nilisikia kwamba boti lilijaa maji na daftari likaloa lote, likawa uji.

Siku mbili tulikaa ndani. Siku ya tatu, watu tisa walirudi ukumbini. Meza ya tano ilikuwa wazi, na ukanda wa tano ndio uliokuwa na lava. Nilisimama pale nikaona kazi imekufa.

"Imekufa juu ya nini?" Immaculée akauliza. "Mustari ya Muzee niko nayo. Ile ya mwisho alinisomea, njo hii. Sikuifuta."

Akafungua daftari. Namba zote ishirini za Muzee zilikuwepo, kwa mwandiko wa muuza samaki. Akahesabu kanda mbili, wa kwake na wa Muzee. Wale wengine wawili waliokosekana, majirani zao pia walikuwa na mistari yao. Tuliendelea kutoka pale tulipoachia, bila kupoteza hata kengele moja.

Na kwa kuwa alikuwa anashika kanda zote mbili, aliiona mwenyewe. Ukanda wa tano ulijaa, ukaanza kummwagia wa sita. Karo ya kumi na moja, ya kumi na mbili, ya kumi na tatu. Mkono wake ulikuwa unaandika haraka, kisha polepole. Kwenye karo ya kumi na nne akasimama, akaweka penseli chini.

"Yaya. Hii karo ya kumi na ine ni wapi?"

Mshonaji alikuwa anatutazama. Nilikuwa bado naweza kusema sijui.

"Ni Katoyi," nikasema. "Ni kwako."

Alirudi juu, akahesabu upya kuanzia karo ya kumi. Namba ikatoka ileile. Akahesabu mara ya tatu, na mimi sikumzuia.

"Tangu siku gani unajua?"

"Tangu siku moja kabla ya mabati."

Nilitamani anipige.

"Ulinishikia ngazi," akasema. Alisema taratibu, wala hakupandisha sauti. Kisha akanivutia daftari mbele ya macho yangu aone kama nimeiona ile namba vizuri, akalichukua tena, akalifunga kwenye kitenge chake, akatoka.

Nyumba za mbao za mji wetu zina neema moja: zinajengwa kwa misumari na zinabomolewa kwa misumari. Siku kumi baadaye Immaculée aliivunja yake ubao kwa ubao. Nilimwambia achukue nusu ya kiwanja changu Himbi. Nilikuwa mwaminifu safari hii. Nilimwonyesha kwamba Himbi nako si mbinguni, namba zake ni ndogo zaidi tu. Alikubali kwa ajili ya watoto. Watu wa zile meza kumi na mbili ndio waliobeba mbao, na nyumba ikasimama hatua thelathini kutoka mlango wangu. Alinishukuru kama anavyoshukuriwa mtu wa kwenye foleni aliyekupisha. Tulikaa majirani namna hiyo miaka mingi, tukipeana chumvi, tukipeana moto, bila utani hata mmoja. Yeye ndiye aliyekuwa ananichekesha tangu utotoni. Mimi niliumia, na nilijua sina wa kumlalamikia.

Niliandika barua ya kuiondoa ile makala ya kwanza. Mkuu wa taasisi alinifokea, akasema nimewatia aibu. Ni kweli nilikuwa nimewatia, lakini siku ya kuituma, si siku ya kuiondoa. Kisha nikaandika nyingine, jina la Muzee Anselme likitangulia langu: mashine zinazounganishwa na jirani, anayemaliza anamsaidia jirani, na kila mmoja anatunza mstari wa mwisho wa jirani yake ili akizimika, kazi isizimike. Wengine huko mbali walikuwa wamefikia mawazo ya karibu na hayo kwa njia zao, nami siwadai. Lakini barua zilikuja kutoka kwa watu wenye mashine za maelfu kwa maelfu ya vichwa vya kuhesabia, ambapo hapakosekani kimoja kinachokufa kila siku. Walitaka kujua tulilipataje wazo. Niliwaandikia kwamba sisi umeme wetu hukatika. Hilo lilikuwa nusu ya ukweli.

Muzee alirudi baada ya majuma mengi, amekonda. Nilimuuliza kwa nini alimkalisha Immaculée pale.

"Namba ingetoka mu kinywa yako, angebisha," akasema. "Ilitoka mu mukono yake."

Amelala sasa kwenye makaburi ya kwao, Mungu amrehemu. Mkitaja lile wazo, mtajeni yeye kwanza.

Nyinyi mliokwisha kupata akili mnakumbuka mlima ulipotapika tena. Safari hii lava ilisimama kaskazini mwa mji. Katoyi haikufika. Pale ilipokuwa nyumba ya mdogo wangu, mtu mwingine alikuwa amejenga, na nyumba yake iko mpaka leo. Najua mnachotaka kusema, maana mmoja wenu alishanong'ona: basi hesabu ya bibi ilikosea. Hapana. Hesabu haikusema lava itapita pale. Ilisema kwamba ikitoka kwa njia ile, hakuna barabara itakayoizuia. Mimi ndiye niliyekuwa nimemwambia mtu neno moja, jenga, mahali ambapo ilipasa niseme maneno mengi na kuketi kwanza.

Ardhi ilipozidi kutetemeka tukaambiwa tuhame. Asubuhi ile barabara ya kwenda Sake, mji wa jirani, ilijaa mji mzima unatembea. Magoti yangu yalikuwa yameshaanza ukaidi wao. Immaculée alikuwa mbele yangu na godoro kichwani, limefungwa kwa kamba, na katikati ya godoro kumetokeza kona ya mfuko wa plastiki. Kila mtu alikuwa amebeba alichokiona cha maana: sufuria, mbuzi, redio, picha ya harusi. Nikamuuliza ule mfuko ni wa nini.

"Ni kaye," akasema.

"Kaye gani?"

"Ile ya parokia."

Tulitembea kidogo. Nikakusanya moyo nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kuthubutu: sasa kwa kuwa lava haikufika kwake Katoyi, anajuta kubomoa?

Alisimama, watu wakawa wanatupita pande zote mbili. Akaligeuza godoro zima ili anitazame usoni, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, na nikaona mdomo wake unacheza upande mmoja kama zamani.

"Yaya, weye tembea," akasema. "Meza ya saba ilikuwa ya nani? Ukianguka hapa mu njia, usiogope. Mustari yako niko nayo."

Kisha akanipokonya kikapu changu, akakitia mkononi mwake, tukaendelea kuelekea Sake.